Shajara: kompyuta ya dada inawaka vizuri ila ukiiristati inaganda

Siku ya 1

Naandika kila nitakachoigusa kwenye hii mashine, maana tatizo la kuja na kuondoka ukilifukuza kwa kichwa tu, kesho yake hukumbuki jana ulibadilisha nini na nini hukugusa.

Mashine yenyewe ni ya mezani, ina Windows 11, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 16 yani vijiti viwili vya 8, Windows imekaa kwenye SSD ya NVMe, diski ndogo isiyozunguka iliyopachikwa kwenye mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha kila kitu, halafu kuna haddiski ya zamani ya TB 1 ya kuwekea picha na video. Ni ya dada yangu na anaifanyia kazi kila siku. Alivyonielezea: "Mdogo wangu, nikiizima nikaiwasha inawaka vizuri tu, ila ikimaliza apdeti ikasema inaristati, basi hapo hapo inakufa."

Nimekaa nayo jioni nikaona ni kweli kabisa. Nabonyeza ristati, Windows inajifunga bila tatizo, skrini inakuwa nyeusi, feni zinaendelea kuzunguka, sekunde chache baadae logo ya mazabodi inatokea katikati ya skrini na pale pale inabaki. Nilisubiri dakika 10 nzima naangalia saa. Del haijibu, F2 haijibu, hata Caps Lock ukibonyeza taa ya kibodi haiwaki. Dawa pekee ni kushikilia kitufe cha kuwashia zaidi ya sekunde 4 mpaka feni zikate, halafu ukiwasha tena inapanda moja kwa moja kama haijawahi kuumwa.

Kabla sijagusa kitu nimefanya ristati 10 nikihesabu: 7 zimeganda, 3 zimepita. Halafu nikafanya kuzima na kuwasha mara 10, zote 10 zimepita. Hizi namba mbili ndo nitazitumia kupima kila kitu kuanzia sasa. Maana kama zinapita 3 kwenye 10, basi ristati mbili mfululizo zinaweza kupita kwa bahati tu mara 9 katika 100, bila wewe kuwa umetengeneza chochote, na nadhani hapo ndo watu wengi wanadanganyika, anabadilisha kitu, anajaribu mara moja, inapita, anafunga kava anaondoka.

Siku ya 2

Leo swali lilikuwa moja tu, mgonjwa ni Windows au ni chuma, yani vifaa vyenyewe?

Nimeanza na Event Viewer, daftari la Windows linaloandika kila tukio na namba yake, sehemu ya System. Kila nilipobonyeza ristati jana kuna namba 1074, hiyo inasema nani ameomba na ameomba nini, halafu inafuata 6006, yani huduma ya kumbukumbu za matukio imefungwa vizuri, ambayo inakuja karibu na mwisho Windows ikiwa inazima. Baada ya hapo kimya mpaka 6005 ya kuwaka upya, ile niliyowasha kwa mkono. Nilitegemea kukuta 41 ya Kernel-Power, ile inayojitokeza mashine ikikatika kabla Windows haijajifunga, sikuikuta hata moja kwenye zile ristati zote 7. Maana yake Windows ilishamaliza kazi yake na kukabidhi, kilichoganda kimeganda baada yake.

Nikazima pia Fast Startup, ile njia ya Windows ya kuwahi kuwaka, kwa kuandika powercfg /h off kwenye dirisha la amri la admini. Naeleza kwanini maana hapa pana mkanganyiko: tangu Windows 8, ukibonyeza kuzima, Windows haijizimi yote, inafunga programu zako halafu ile kernel yake, yani kiini chake, inaihifadhi kwenye faili la hiberfil.sys ili kesho iwahi kuwaka. Ristati haipiti njia hiyo, ristati inajenga kila kitu upya. Kwa hiyo nilikuwa nalinganisha njia mbili tofauti, nikataka zote ziwe safi ndo nipime. Nimepima: ristati 10, zimeganda 6. Kuzima na kuwasha, 10 kwa 10. Hakuna kilichobadilika ila sasa nalinganisha vitu vinavyolingana.

Halafu majaribio mawili ambayo naona kila mtu angeanza nayo kabla ya kufikiria kupiga Windows upya. La kwanza, kitufe kidogo cha ristati kilichopo mbele ya kesi. Hicho hakiombi ruhusa kwa Windows, kinapeleka ishara moja kwa moja kwenye mazabodi. Nikaingia kwenye BIOS, programu ya mazabodi yenyewe inayoamka kabla ya Windows, Windows haijaguswa kabisa, nikabonyeza kile kitufe. Ikaganda kwenye logo, vile vile. La pili, nikawasha kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, nikaristati kutoka humo, mara ya kwanza ikapita, ya pili ikaganda.

Basi Windows haina kosa. Dada alishaambiwa na mtu apige Windows upya, angepoteza siku nzima kurudisha programu zake halafu tatizo angelikuta limekaa pale pale linamsubiri.

Siku ya 3

Siku ya betri na umeme, na siku niliyofurahi kabla ya wakati.

Nimefungua kava la pembeni, nimepuliza vumbi, nimechomoa kila plagi na kuirudisha kwa nguvu ya kutosha. Betri ya mazabodi, ile bapa CR2032 ya volti 3, nikaipima kwa multimita ikasoma 2.71. Betri mpya inasoma 3 na kidogo, kwa hiyo hii imechoka, na dada akakumbuka saa imekuwa ikirudi nyuma kila umeme ukikatika. Nikaweka mpya, nikafuta setingi za BIOS kwa ile jampa, kile kifuniko kidogo cha kuunganisha pini za mazabodi, nikaweka saa. Ristati ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu ikaganda. Nashukuru nilishaandika ile hesabu ya 9 katika 100, maana baada ya ya pili nilishaanza kutafuta skrubu za kurudishia kava.

Saa imepona lakini, hiyo ni faida yake.

Pawa saplai nimeipima ikiwa inafanya kazi, kwenye plagi ya pini nne: waya wa njano 12.08, mwekundu 5.03. Kinachoruhusiwa ni asilimia 5 juu au chini, yani 11.4 mpaka 12.6 kwa ile ya 12, na 4.75 mpaka 5.25 kwa ile ya 5, kwa hiyo iko ndani kabisa. Nikaiangalia pia wakati imeganda kwenye logo, namba ni zile zile. Multimita haionyeshi mitikisiko midogo ya haraka, lakini kwa tatizo ambalo kuwasha ni 10 kwa 10 sikuona sababu ya kuendelea kuishuku.

Kuna toleo jipya la BIOS kwenye tovuti ya mtengenezaji na nimeamua kutoligusa kwa sasa. Kuflashi BIOS kunaishia kwenye ristati, na hicho ndo kitu pekee ambacho mashine hii haiwezi kufanya. Ikiganda hapo sina namna ya kujua kama imemaliza kujiandika au iko katikati, na mtu akiikatia umeme katikati mazabodi inaweza isiwake tena kabisa. Nitaliangalia nikishapata chanzo, sio kabla.

Siku ya 4

RAM. MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha, mizunguko 4, makosa 0. Nimejaribu pia kijiti kimoja kimoja na bado inaganda kwa vyote viwili. RAM imetoka kwenye orodha.

Nimechomoa kila kitu cha USB nikabakiza kibodi tu, printa, kamera, spika, vyote nje. Ristati 10, zimeganda 7. USB nayo imetoka.

Siku ya 6

Jana sikuigusa. Leo nimepata.

Kilichofungua njia ni kitu kidogo sana. Ile logo ya mazabodi nimekuwa naiangalia siku tano, na logo ni pazia tu, nyuma yake BIOS inafanya ukaguzi wake, inahesabu prosesa, RAM, vifaa vya USB, diski, halafu ndo inaita Windows. Kwenye setingi za BIOS kuna sehemu ya kuzima logo ya skrini nzima, nikaizima, na Fast Boot ya BIOS nayo nikaizima ili isiruke hatua. Nikaristati.

Maandishi meupe yakaanza kushuka. Jina la prosesa. RAM, MB 16384. USB, kibodi moja. Mstari uliofuata ulitakiwa kuwa wa diski, haukuja. Pale ndo inapoganda, kila mara. Niliirudia mara tano, mara nne zilizoganda zote zimeishia kwenye mstari ule ule wa kibodi, ile moja iliyopita mstari wa haddiski ya TB 1 ukatokea mara moja na Windows ikapanda.

Kava lilikuwa wazi, nikaweka vidole juu ya ile haddiski. Nikazima, nikawasha: unasikia inaanza kuzunguka, mtikisiko unapanda taratibu, halafu kichwa cha kusomea kinajipanga, tk tk, vidogo viwili chini ya kidole. Sawa. Nikaristati, vidole bado viko pale pale: mzunguko haukusimama, unaendelea laini tu, na zile tk tk mbili hazikuja. Skrini imesimama kwenye mstari wa kibodi.

Nikashika chuma cha kesi kwanza kutoa umeme tuli mwilini, halafu nikachomoa waya wa data wa ile haddiski, waya wa data tu, ule wa umeme sikuugusa kwa sababu diski inazunguka. SATA, aina ya waya inayotumiwa na hii haddiski, imetengenezwa iweze kuchomolewa mashine ikiwa inawaka. Haikupita hata sekunde 3. Maandishi yakaendelea, mstari wa NVMe ukaja, Windows ikapanda.

Nimekaa chini kidogo hapo. Siku sita.

Naomba nieleze hapa vizuri maana ndo kiini chenyewe. Tumezoea kusema kuristati ni kuzima na kuwasha kwa kifupi, lakini kwa chuma sio hivyo kabisa. Ukizima, pawa saplai inakata 12 na 5 na 3.3, inabaki ile 5 ndogo tu ya kusubiria kitufe. Karibu kila chipu iliyomo ndani inakufa, ukiwasha inazaliwa upya haikumbuki kitu. Ukiristati, kwa kawaida umeme haukatiki. Mazabodi inapeleka ishara kwa prosesa na vifaa vingine kuwaambia anzeni upya, na kila kifaa kinategemewa kitii chenyewe. Haddiski za zamani za IDE, zile za waya mpana wa pini 40, pini ya 1 ilikuwa kazi yake ni hiyo tu, ristati. SATA haina pini hiyo, waya wa data una pini 7, nne za data na tatu za ardhi, kwa hiyo agizo la kuanza upya linapita kwenye njia ile ile ya data kama ishara maalumu, na ubongo wa ndani ya haddiski ukiwa umeganda hauisikii au unaisikia haumalizi. BIOS inauliza wewe nani, haijibiwi, inasubiri. Na hii BIOS inasubiri bila kikomo. Diski inazunguka, ina umeme, ukiitazama kwa nje iko hai, kumbe ndani imeshaganda muda mrefu na dawa yake ni kunyimwa umeme tu.

Ndo maana kuzima na kuwasha kulikuwa kunapita 10 kwa 10.

Siku ya 6, usiku

Sijataka kuihukumu haddiski kwa jaribio moja, maana inaweza kuwa waya au tundu la kwenye mazabodi. Nimeichomoa kabisa: ristati 10, zimepita 10. Nimeirudisha kwenye tundu lingine na waya mwingine mpya: zimeganda 8. Nimeweka haddiski nyingine nzima kwenye tundu lake la mwanzo na waya wake wa mwanzo: zimepita 10. Ni yenyewe.

Nikarudi Event Viewer, safari hii nikijua natafuta nini. Namba 129 kutoka storahci, draiva ya Windows ya diski za SATA, inayosema kifaa kimepelekewa ristati. Zimo, mbili au tatu karibu kila siku, wiki nyingi nyuma. Ni Windows ilikuwa inaita haddiski haijibu inaita tena, wakati dada anafanya kazi zake. Nikamuuliza kama folda la picha huwa linachelewa kufunguka, akasema, "Linachelewa sana, wakati mwingine kila kitu kinasimama kama dakika hivi, nikajua ni picha zimekuwa nyingi."

"Na hii haddiski ina muda gani dada?"

"Hiyo ilitoka kwenye ile kompyuta ya kwanza, tuliihamisha tu ilivyo."

Siku ya 2 nilisoma 1074 na 6006 kwa sababu nilikuwa naangalia muda wa ristati tu. Ningeshuka chini ukurasa mmoja ningeziona. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya mwingine atakayekutana na hii, usiangalie tu dakika ya ajali, angalia na wiki iliyotangulia.

SMART, rekodi ya afya ambayo haddiski inajiandikia yenyewe, nimeisoma kwa programu ya smartctl. Sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa kwa ubovu, namba 5: 312. Sekta zinazosubiri, yani zilizoshindwa kusomeka na bado hazijahamishwa, namba 197: 48. Makosa ya waya, namba 199: 0, ambayo inathibitisha waya hauna hatia. Masaa ya kuwaka: 31,000 na kitu, ukiyaunganisha ni miaka mitatu na nusu bila kupumzika.

Kuanzia sasa hii kazi sio ya ristati tena. Kuna picha za miaka yote ya familia humo, na bakapu hakuna. Nimeizima mashine, nimemwambia dada asiiwashe mpaka nirudi.

Siku ya 7 na 8

Nimenakili kwa ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu, kutoka kwenye Linux ya flashi, kwenda kwenye haddiski ya nje ya TB 2. Sikutaka kunakili kwa kuburuta mafolda kama kawaida, kwa sababu ukifika kwenye sekta mbovu kunakili kwa kawaida kunang'ang'ania pale pale, inasoma na kurudia, na kila kurudia kunaichosha diski ambayo tayari inaondoka. ddrescue inachukua kwanza vyote vinavyosomeka kirahisi, sehemu mbovu inaziruka na kuziandika kwenye faili la ramani, ndo mwisho inazirudia. Na ukikatisha, ile ramani inakumbuka ulipoishia. Hilo lilinisaidia kweli, maana haddiski iliganda mara mbili katikati ya kazi, mara zote mbili ilibidi nizime kabisa, niwashe, niendelee pale pale.

Kuna kipande cha saa nzima ilikuwa inasoma KB chache tu kwa sekunde, na dada amekaa nyuma yangu anaangalia namba hajui zinasema nini ila anajua ni picha za nani. Sikuwa na la kumwambia zaidi ya kwamba bado inasoma.

Imeisha siku ya 8 saa tano asubuhi. Sekta 48 hazikusomeka, za baiti 512 kila moja, yani kama KB 24 na ushee kwenye TB nzima. Nimepitia mafolda: video mbili zinakatika kabla ya mwisho. Picha nilizofungua zote zinafunguka. Dada alitaka kuona albamu moja tu, akaiona, akanyamaza, akaenda kuosha uso.

Siku ya 10

Haddiski mpya imeingia, data imerudishwa, nakala ya pili imebaki kwenye ile ya nje na itachomekwa siku ya bakapu tu. Haddiski ya zamani nimeiandikia kwa kalamu "MBOVU, USIFUTE" nimeiweka kando mpaka tuwe na uhakika hakuna kilichosahaulika.

Vipimo vya mwisho. Ristati kutoka Windows, 20, zimepita 20. Kitufe cha mbele, 10, zimepita 10. Kutoka Linux, 10, zimepita 10. Namba 129 hakuna hata moja tangu juzi. Folda la picha linafunguka papo hapo.

Toleo jipya la BIOS nimeliangalia, orodha yake ya mabadiliko haina chochote kinachoihusu hii mashine, nimeliacha. Fast Startup nimeiacha imezimwa, kuwaka kunachelewa sekunde chache lakini dada akizima, imezima kweli.

Mwisho dada mwenyewe akaruhusu zile apdeti zilizokuwa zinasubiri, zikaristati mara mbili mfululizo, na yeye kidole kiko tayari karibu na kitufe cha kuwashia kama alivyozoea. Prosesa, RAM, kibodi, haddiski, Windows. Nikamuuliza kama nirudishe ile logo, akasema hapana, acha maandishi, anataka aone mstari wa haddiski ukitokea.